Kondoo Ana Chanjo, Mchungaji Ana Pole

Mwaka 1930 kondoo walianza kufa katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Kufikia 1931, Daubney, Hudson na Garnham walikuwa wameandika kuhusu kirusi kilichowamaliza, na ugonjwa ukapewa jina la kwetu: homa ya Bonde la Ufa. Hapo jirani Uganda, kirusi kilichotolewa kwa mbu mwaka 1944 kilipitishwa kwenye bongo za panya, mara nyingi, hadi makali yakapungua. Hiyo ndiyo chanjo ya Smithburn. Ya mifugo.

Ya binadamu je? Hakuna iliyoidhinishwa hadi leo. Mwisho wa 2006 ugonjwa ukarudi, Garissa na kwingine, na Wakenya zaidi ya 150 wakazikwa. Wengi huugua wakapona. Lakini wale wachache wanaoanza kuvuja damu, karibu nusu yao hufa.

Sasa, stori ya maabara ikitoka, mtandaoni tunagawanyika mara mbili. Kuna wanaoshangilia: dawa imeponya tumbili, basi tumeokoka. Na kuna wanaolia: ati ni unyama kumwambukiza mnyama Ebola. Wote wamekosea.

Nyinyi wa kushangilia, kumbukeni ZMapp. Mwaka 2014 iliwaponya tumbili wote 18 waliopewa. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa huko Kongo, kuanzia 2018, karibu nusu ya walioipata walikufa, na dawa nyingine mbili zikaipita. Tumbili si mtu. Panya wa kawaida ndio kabisa: mdunge Ebola kama ilivyotoka kwa mgonjwa na hataugua. Lazima kirusi kwanza kizoeshwe mwili wake.

Nyinyi wa kulia, huruma yenu naielewa. Lakini hakuna mtu atakayeruhusiwa kudungwa Ebola kusudi ndio tuone kama dawa inafanya kazi. Hatua hiyo anaibeba mnyama. Unyama wenyewe ni kumuua, kupata jibu, kisha kulifungia jibu kabatini.

Na hilo limefanyika. Mwaka 2005 watafiti wa Canada na Marekani walionyesha kwamba chanjo yao inawakinga tumbili dhidi ya Ebola. Watu wa Guinea waliijaribu 2015, baada ya maelfu kufa Afrika Magharibi. Miaka kumi! Tumbili hakuwa kikwazo. Kikwazo ni kwamba maskini anayevuja damu kijijini hahesabiwi kama soko. Mfugo anahesabiwa. Saudi Arabia ilipofungia mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka 2000 kwa sababu ya homa hiihii, kila mtu alijua hasara ni pesa.

Kwa hivyo tuache kubishana kuhusu tumbili. Yeyote anayekuja kuchukua mbu wetu, kondoo wetu na damu yetu aulizwe mapema, kwa maandishi: wanyama wakishapona, nani atalipia majaribio ya watu, na dozi ya kwanza itafika Garissa lini? Serikali yetu nayo ijibu swali hilohilo, kwenye bajeti, sio kwenye rambirambi.