Pampu haina kosa, acheni tangi lipumue!

Wandugu, leo naomba niwaudhi mafundi. Siyo wote, wapo wanaoijua kazi na Mungu awazidishie. Nawasema wale ambao gari likizima tu, kabla hata hawajainama kutazama chochote, hukumu imeshatoka: "Pampu imekufa hiyo, mzee. Andaa hela."

Huku Ikoma, kati ya Mugumu, Robanda na geti la hifadhi, Land Rover za zamani bado zinachapa kazi. Sisemi zile zilizopigwa polishi zikapelekwa kwenye tamasha la Arusha Oktoba 2024. Nasema ile 109 ya petroli ambayo mtu kairithi kwa baba yake, inabeba mahindi, inabeba mbuzi, na usiku ikibidi inabeba mgonjwa. Gari likikuzimikia Mwenge pale Dar unadandia daladala, basi. Likikuzimikia huku msimu nyumbu wanapita, jua kwamba simba na fisi hawako mbali, na simu haishiki. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba naandika habari za matangi badala ya siasa, namwambia ajaribu kulala porini usiku mmoja.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Gari linawaka vizuri, linakwenda kilomita kadhaa, linaanza kukohoa, linazima. Unapumzika dakika kumi na tano, linawaka tena kama vile halijawahi kuumwa. Kilomita chache mbele, yale yale. Baba yangu mdogo alihangaika na hali hiyo miezi. Gereji moja (jina naliacha) ilimbadilishia pampu mara mbili, ikamfungulia kabureta, ikamuuzia koili. Mbuzi wangapi waliondoka hapo, muulizeni mama mdogo, mimi nilishindwa kuhesabu. Siku moja dereva wa lori akamwambia afungue tu mfuniko wa tangi. Fyuuu! Hewa ikavutwa ndani, gari likawaka. Kitundu cha kupumulia kilikuwa kimezibwa na udongo mkavu. Basi.

Hivi kweli fundi mzima hajui kwamba mafuta yakitoka, lazima hewa iingie? Chukua chupa ya maji, iweke mdomoni ufyonze bila kuachia. Itabonyea na maji yatagoma. Tangi ni hivyo hivyo. Magari mengi ya zamani yanapumua kwa kitundu kilicho kwenye mfuniko, mengine kwa kipaipu chembamba kinachopanda kutoka juu ya tangi. Kikiziba, pampu inavuta mpaka inashindwa. Zaidi ya hapo, kanieneo ikishuka petroli inachemka kwa urahisi zaidi, na kwa jua la saa nane mchana pampu inajikuta inasukuma mvuke badala ya mafuta. Pampu mpya haisaidii kitu. Nayo itashindwa kama mwenzake.

Halafu kuna hii inayonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mtu anajaza tangi, anatoka kituoni, gari linazima. Papo hapo: "Mafuta yamechakachuliwa!" Sikatai, uchakachuaji upo. Lakini piga hesabu kidogo. Tangi likiwa limejaa na limebakiwa na lita 2 za hewa, ukichoma lita 1 ile hewa inatanuka ijaze lita 3, kanieneo yake inashuka kwa theluthi. Likiwa na lita 20 za hewa, lita hiyo hiyo 1 haifikishi hata asilimia 5. Mvuke wa petroli unaziba sehemu ya pengo, ndiyo maana gari halizimi pale pale. Kwa hiyo gari lenye pumzi iliyoziba linasumbua zaidi likishiba. Mwenye kituo anatukanwa bure!

Kwa nini Ikoma hasa? Vumbi, jamani. Vumbi la kiangazi likipata mvua ya kwanza linakuwa saruji. Na kuna nyigu wa udongo, wadudu wanaopenda kujenga kwenye kila kitundu wanachokiona.

Sasa tiba za mtaani. Ya kwanza, kutoboa mfuniko kwa msumari. Vumbi linaingia, maji yanaingia, tangi linaota kutu, na kwenye mlima petroli inaruka nje. Ya pili ndiyo inanitoa roho: mfuniko umepotea, mtu anafunga mdomo wa tangi kwa tambara na mfuko wa nailoni. Serikali imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 1, 2019, lakini kwenye matangi bado ipo. Ukikazwa sana tangi halipumui, ukilegea mvuke unavuja, na kinachowaka haraka kwenye petroli ni ule mvuke. Abiria wanakaa hapo hapo, kuna mmoja anavuta sigara...

Kupima hakuhitaji kompyuta. Likizima, zima swichi, weka moto mbali, fungua mfuniko taratibu huku kiganja kikiwa karibu. Hewa ikivutwa ndani, mwizi umemkamata. Ikitoka nje, hilo ni joto, tangi limevimba kwa mvuke. Na hapo pia uliza, mbona hautoki wenyewe? Kama huna uhakika, tangi likiwa na mafuta kidogo, legeza mfuniko uende mwendo mfupi wa pole. Lisipozima, pampu ni safi. Chomoa kipaipu upande wa tangi, kisafishe kwa pampu ya baiskeli, siyo kwa mdomo. Kama mpira umepasuka weka mpira wa mafuta, maana ule wa kumwagilia bustani utalainika na kujibana, na utarudi kule kule. Mfuniko nunua wenye kitundu, hata uliotumika.

Fundi akikwambia pampu kabla hajagusa mfuniko, mwombe kwanza aufungue mbele yako.