Bikira wa Paris, Ndovu wa Wapi?

Wasee wa Eldy, leo hakuna stori za mbio. Leo tuongee kuhusu sanamu moja ndogo iliyoninyima usingizi.

Iko Paris, kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Ni Bikira Maria amembeba Mtoto Yesu, urefu sentimita 41 hivi, yaani rula ya shule na kipande. Ilichongwa huko huko Paris miaka ya 1260 hivi, ikawa mali ya Sainte-Chapelle, kanisa la mfalme wa Ufaransa. Maria anatabasamu kidogo, na mwili wake umepinda kama mama aliyezoea kubeba mtoto. Ukiangalia vizuri, amepinda pia kama pembe ya ndovu. Kwa sababu ni pembe ya ndovu.

Sasa niambie, Ufaransa kuna ndovu gani?

Hapo ndipo nilianza kuchimba. Kuanzia karne ya 13 mafundi wa Paris walichonga pembe kwa wingi: Maria na mwanawe, Yesu msalabani, na vibao vidogo vya kukunja kama kitabu ambavyo tajiri alifungua nyumbani akisali. Mtafiti Sarah Guérin amefuatilia pembe hizo zilitoka wapi, na hoja yake inatuleta nyumbani: pwani ya Waswahili. Ndovu wa savana ya Afrika ana pembe nene, fundi anaweza kutoa sanamu nzima kwa kipande kimoja. Pembe zilitoka bara, zikashuka pwani, zikapanda jahazi hadi Aden, Bahari ya Shamu, Misri, halafu Mediterania. Na biashara yenyewe ilikuwa ya zamani. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, kisha India na China.

Manze, si haya tulisoma shule? Bidhaa zilizotoka pwani: pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Nilikariri, nikapata maksi zangu. Mwalimu hakusema hizo pembe zilienda kuwa nini, na mimi sikuuliza. Nikaingia chuo, nikaacha mwaka wa pili karo iliposhinda, na jibu nikalipata kitandani na bando la mbao.

Najua kuna mtu ataandika "warudishe sanamu!" Mimi sisemi hivyo. Mfaransa alichonga, kazi ni yake, apewe heshima yake. Lakini lebo ikisema tu "Paris, karne ya 13, pembe ya ndovu", imeruka nusu ya safari. Imeruka mwindaji, mchukuzi, baharia na mfanyabiashara wa pwani aliyejua bei. Hao hawakuwa wanangoja dunia ije iwagundue. Walikuwa ndani ya biashara ya dunia tayari. Makumbusho waweke ramani hapo kando. Na shule zetu ziweke picha ya huyo Maria kando ya ile orodha ya bidhaa. Picha moja tu, na mtoto wa kidato cha kwanza hatasahau.

Lakini pia tusijipige kifua sana. Nilimwonyesha kogo wangu hiyo picha. Yeye husali rozari kila jioni, na kwenye litania yake Maria hulinganishwa na mnara wa pembe. Akaishika simu, akaangalia kwa muda, akasema ni mzuri. Halafu akauliza, "Na huyo ndovu?"

Sikuwa na jibu. Kila sanamu nzuri kwenye hiyo kabati ilianza na mnyama kuuawa. Mwaka wa 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe pale Nairobi National Park, dunia nzima ikiangalia, ili kusema pembe ina thamani ikiwa kwa ndovu aliye hai. Hao ndovu bado wako hata huku kwetu, shuka Bonde la Kerio hadi Rimoi.

Kwa hivyo mimi nasema tuiangalie sanamu, tuisifu, halafu tuulize swali la kogo. Lebo isiyojibu hilo haijaisha.

Wewe je, mwalimu wako wa historia aliwahi kukuonyesha pembe zilienda wapi? Niambie hapo chini.