Tusiongeze lame, tupunguze maji ya mpunga

Ndugu zangu wa koperative za Kasongo na Kabambare,

Mimi ni agronome, si mekanisie. Lakini kila msimu A, wakati mpunga unavunwa na mvua ingali inanyesha, neno ninalosikia zaidi kwenye mikutano si mbegu wala mbolea. Ni resori. "Lame imevunjika tena." Na jibu ni lile lile: tutafute lame nene, hata ya kamio, tuongeze, gari ibebe. Mimi ninakataa hilo jibu.

Mwaka jana nilisafiri na koperative moja ya upande wa Kabambare. Pikap yao ni ya zamani, na mekanisie alikuwa ameongeza malame mawili ya kamio kila upande. Kwenda Kasongo tulibeba magunia 15, nyuma haikulala hata kidogo, watu wakapiga makofi. Kurudi gari ilikuwa tupu, wanamemba sita tu nyuma. Kwenye mteremko wenye kona, pale barabara imefanya mistari-mistari, nyuma ikaanza kuruka, halafu ikatoka pembeni. Shoferi akakanyaga breki, bure. Tukaingia mtaroni. Mama mmoja akavunjika mkono. Gari ikalala majuma matano, na mpunga uliobaki depo, ungali mbichi, ukapata joto na ukungu. Walisema shoferi alikimbiza. Mimi nilikuwa kabini karibu naye: hakukimbiza.

Tuangalie ile resori inafanya nini. Inabeba uzito, ndiyo, lakini pia ndiyo inayoshika ponti ya nyuma mahali pake. Lame-mama, ile ndefu yenye macho pande mbili, imefungwa kwenye shasi. Zingine fupi-fupi ziko chini yake kuisaidia. Zote zinapaswa kujikunja pamoja. Mzigo ukikaa, resori inanyooka na kuwa ndefu kidogo, ndiyo sababu kuna jumele inayocheza kwenye jicho moja. Sasa ukiipanga kwa mzigo wa kamio, siku gari iko tupu haijikunji tena. Gurudumu likipiga shimo linaruka hewani, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara wala halifungi breki. Tena ponti ni moja: upande mmoja ukiruka, unasumbua na mwenzake.

Lame ya kamio haina mkunjo sawa na zile za pikap. Hailali vizuri juu ya wenzake, inasukuma mahali pamoja tu, na lame-mama inakatika karibu na jicho au kwenye bulo la katikati. Bulo hilo likikatika, au mabridi yakilegea, ponti inasogea upande mmoja na gari inatembea kama kaa: vola umeinyoosha, yenyewe inakwenda pembeni. Kuunganisha lame kwa moto wa kusudia ni kupoteza pesa, sababu ule moto unaharibu ugumu wa chuma na inakatika tena hapo kando. (Nimeona hata wanaopaka malame mafuta ya mawese. Vumbi linafurahi sana.) Lame moja ikivunjika, badilisha pande mbili ili gari isiinamie upande, kisha kaza mabridi tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Hilo la kukaza tena karibu kila mtu analisahau.

Lakini kwa nini zinavunjika? Hapa naingia kwenye kazi yangu. Pikap ya namna hii imepangwa kwa tani moja hivi, watu wakihesabiwa humo. Sisi tunasema "gunia 15" na hatupimi. Nilipima yale ya safari ile: mengi yalikuwa karibu kilo 100. Na mpunga ulikuwa na maji 22 kwa mia. Kilo 100 za mpunga wa namna hiyo, ukizikausha mpaka 14 kwa mia, zinabaki kilo 91 hivi. Kwa magunia 15 ni zaidi ya kilo 130 za maji. Tunalipa mazutu ili tutembeze maji, na tunavunja lame kwa ajili yake! Maganda nayo ni karibu kilo 20 katika kila kilo 100. Kijiji chenye mashini ya kukoboa hakina sababu ya kuyapeleka Kasongo.

Najua wanamemba watasema nini: koperative inalipa kwa kilo, basi mwenye kuanika anapata hasara. Wana haki. Kosa ni la komite, si lao. Bei ya mpunga mkavu iwe juu ya ile ya mbichi, angalau kufidia zile kilo 9 na siku za kuanika. Bila hiyo, hakuna atakayeanika.

Kwa hiyo Papa Prezida, Mama Trezoriye, kabla hamjatoa pesa ya lame ya kamio, nunueni kwanza mabashi ya kuanikia na mizani. Magunia yawekwe mbele, karibu na kabini. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ponti, mbele inanyanyuka na vola inakuwa nyepesi kama ya baiskeli. Na yale malame mliyokwisha kuongeza, mwambieni mekanisie ayatoe kabla ya mavuno.