Gesi ya friji kule Goziba, nani anaidhibiti?

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuongee kuhusu gesi ya friji. Najua kuna mtu ameshaanza kupiga miayo, lakini vumilia kidogo, maana habari hii inaishia kwenye mfuko wa mvuvi.

Goziba ni kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, wilayani Muleba. Pale mwaloni sangara bila barafu hana maisha marefu, na bei yake inashuka huku unamtazama. Barafu inaletwa na maboti. Lakini kuna na baridi nyingine ya kienyeji: friza za madukani, zinazoendeshwa kwa sola au jenereta, zenye soda, maji na samaki wa kula nyumbani.

Nilimkuta fundi akitengeneza friza ya mama mmoja. Akakata bomba, gesi iliyobaki ikatoka "fsss" ikaenda zake angani. Akachomelea, akajaza nyingine kutoka kwenye mtungi, akadai hela yake. Pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba hakuwa nayo. Mahali palipovuja hakupatafuta.

"Mwanangu, huyu ndiye daktari wetu," mama akaniambia. Kumbe hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya miezi michache.

Sasa ile "fsss" ina hesabu yake. Gesi inayoitwa R-134a, iliyozoeleka sana kwenye friji za majumbani, haitoboi tabaka la ozoni, na ndiyo maana ilisifiwa ilipokuja kuchukua nafasi ya zile za zamani. Lakini kilo moja ya gesi hiyo inapasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Friji yenye gramu 150 tu ikivuja yote, umemwaga sawa na kilo zaidi ya 200. Na R-404A ya friza kubwa za biashara inakaribia 4,000 kwa kilo.

Dunia ililiona hilo. Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, hapo jirani tu ukishavuka Rusumo, zikakubaliana kupunguza gesi hizi chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, sisi tukiwemo, ngazi ni hizi: kutoongeza matumizi kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, na asilimia 80 ifikapo 2045. Ile R-22 ya viyoyozi vya zamani ina ratiba yake kali zaidi, mwisho wake ni 2030, ukiacha akiba ndogo ya matengenezo. Tanzania imo kwenye Itifaki tangu 1993, tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na masuala haya yako Ofisi ya Makamu wa Rais.

Karatasi zipo, sibishi. Ugomvi wangu ni kwamba udhibiti wetu unasimama bandarini na mpakani. Unahesabu mitungi inayoingia. Yule fundi wa Goziba hahesabiwi na mtu, wakati gesi inamwagwa mikononi mwake.

Kinachonichekesha (au kuniudhi, sijui) ni kwamba viwanda vikubwa vya barafu na samaki duniani vimetumia amonia kwa zaidi ya miaka mia moja, na amonia haipashi dunia joto kabisa. Mkubwa ana mhandisi. Mwenye friza moja ana fundi mwenye koleo na mtungi.

Kuna watakaosema, sisi tunachafua kidogo, tuacheni tunywe soda baridi. Nakubaliana nao nusu. Waliochafua zaidi walipe zaidi. Lakini gesi ikipungua sokoni itapanda bei, na atakayelipa si mjumbe wa mkutano wa Kigali. Ni yule mama, anayejaziwa gesi mara mbili kwa mwaka kwa sababu tundu halijazibwa. Friji za zamani wenzetu wanazozikimbia nazo zitatafuta pa kwenda, na mitumba tunaijua.

Mbadala upo. R-600a na R-290 zinapasha joto kidogo mno, na friji mpya nyingi zinakuja nazo. Ila zinashika moto. Huwezi kuchomelea bomba lenye gesi hiyo kwa mtindo niliouona, ndani ya kibanda cha mabati na mbao. Wala huwezi kuimimina tu kwenye friji iliyotengenezwa kwa gesi nyingine ukategemea usalama. Kwa hiyo tukibana gesi ya zamani kabla ya kumfundisha fundi, tutaunguza watu.

Mimi ningeanzia hapo: VETA wapeleke mafunzo mafupi mialoni, wasisubiri fundi afunge kazi aje mjini kwa miezi. Mashine ya kunasa gesi na pampu viwekwe Bukoba na Muleba, vikodishwe kwa bei ya mtu mdogo. Cheti kiwe sharti la kuuziwa mtungi, lakini baada ya mafunzo kufika, si kabla.

Nilimuuliza yule fundi kama angehudhuria. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaka, wakija huku kisiwani nitakuwa wa kwanza. Wakiniita mjini, nauli nani analipa?"