Kompyuta Kuukuu si Aibu, Aibu ni Mlango Wazi

Nianze na neno litakaloniletea matusi, ili tumalizane nayo mapema: kompyuta yenu kuukuu haina kosa. Mwenye kosa ni wewe unayeitumia kama nyumba isiyo na mlango. Na yule anayekwambia dawa yake ni kuitupa ununue mpya ana kosa kubwa kuliko lako, manake yeye anajua asemalo.

Kwetu hapa Wiyoni tuna kompyuta moja ya mezani. Ilinunuliwa Mombasa ikiwa imeshatumika kwenye ofisi ya watu, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ni ya mwaka 2014. Mamangu huandikia hesabu zake za mahamri na viazi vya karai. Mdogo wangu hufanyia kazi za shule. Mimi hukatia video, hizi hizi mnazotazama. Ikizimwa hufunikwa leso. Ni kompyuta ya nyumba, si ya mtu mmoja.

Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka 2015. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ndani ya mfumo, na kila mwezi kampuni huziba. Kuanzia siku ile matundu yataendelea kugunduliwa, ila fundi wa kuziba ameshaenda zake.

Ukitaka Windows 11, waambiwa kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iwe kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla yaanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka 2017. Ya kwetu haimo. Haijaharibika wala haijachoka. Video yakata, hesabu yaandika, shule yasoma. Kosa lake ni kuzaliwa mapema.

Walitoa muda wa nyongeza, mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Ulaya watetezi wa wanunuzi walipiga kelele, wakapewa bila kulipa na bila kulazimishwa kuhifadhi mipangilio yao kwa kampuni. Sisi huku je? Lipa dola 30, ama utoe pointi zao, ama uingie kwa akaunti yao na mipangilio ya kompyuta yako ipelekwe kwao. Tundu ni lile lile, kiraka ni kile kile. Tofauti ni nani aliyepiga kelele. Sisi hatukupiga.

Badala yake, tuliposikia habari hii, waunda maudhui wenzangu walifanya nini? Walipanda kwenye kamera: "Jamani, Windows 10 imekufa, nunueni mpya!" Wengine wana jina la duka hapo chini ya video. Enyewe mtu ale, sikatai. Lakini mama anayeuza mahamri kumwambia atoe makumi ya maelfu ya shilingi kwa sababu orodha ya Marekani haikuitaja mashine yake, huo si ushauri. Ni udalali.

Na sisi ni watu wa Amu bwana! Nenda Matondoni uone. Kuna mtu hutupa jahazi kwa sababu limetimiza miaka thelathini? Hupandishwa pwani, likakalafatiwa, likapakwa sifa, likarudi majini kutafuta riziki. Jahazi halizami kwa uzee. Huzama kwa tundu ambalo mwenyewe aliliona akasema, "nitaziba kesho".

Huo ndio uongo wa kwanza. Wa pili tunajidanganya wenyewe: "Mimi maskini, nina nini cha kuibiwa?"

Nikwambie tulichokuwa nacho sisi. Mwaka juzi kompyuta ilikwama. Tukaipeleka kwa fundi, simtaji, na wala si mtu mbaya. Akaiweka Windows ya kuvunja kwa shilingi mia tano. Ile kraki haikubali kuingia mpaka uzime antivairasi, kwa hivyo akaizima na hakuiwasha tena. Hebu fikiri. Mtu akuambie, "Ili nikutengenezee mlango wa bure, mfukuze kwanza mlinzi," nawe useme sawa, na chai umletee.

Haikupita wiki tatu, akaunti yangu ikaanza kuandikia watu. "Ami, nimekwama Mombasa, nisaidie elfu tatu, nitarudisha Ijumaa." Ami akatuma. Mimi wakati huo niko barazani nyuma ya nyumba yake, nacheza bao. Pesa zile hazikurudi. Ami hakunidai, lakini kwa miezi kadhaa kila nikimwamkia alikuwa akinitazama kwanza ndipo aitikie.

Na hilo lilikuwa dogo. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na picha za kupamba kwa dadangu. Kwa msomaji wa bara: kupamba ni usiku wa wanawake. Bibi harusi hukalishwa akatazamwa, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wamejiachilia. Mwanamume haingii. Siku hizi hata simu huachwa mlangoni. Picha zile chache zilipigwa na jamaa yetu wa kike kwa kuaminiwa, zikawekwa kwenye kompyuta ya nyumba kwa sababu nyumbani ndiko salama. Kisha sisi tukaibeba mashine nzima, haina hata paswadi, tukaiacha dukani kwa watu siku mbili.

Simshutumu mtu kuzifungua. Lakini mamangu aliponiuliza, "Na zile picha za nduguyo?" sikuwa na jibu la kumpa. Mimi ndiye mtaalamu wa nyumba, mimi ndiye niliyejaza kadi ya boda kuipeleka, na mimi ndiye niliyesimama pale nimeinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba maskini ana cha kuibiwa. Ana sitara yake. Na ikishatoka haina fundi.

Nyumba za mawe za Mkomani zilijengwa na daka. Mgeni husimama nje, apige hodi, aketi pale mpaka aitwe ndani. Sisi wa Wiyoni wengi hatuna daka wala kuta za matumbawe. Lakini pazia la mlango lipo, na hodi ipo. Hakuna mwanamume atakayeingia kwetu bila kupiga hodi eti kwa sababu sisi si matajiri. Basi mbona kwenye kompyuta tumekubali?

Bado wabisha kwamba huna cha kuibiwa? Kumbuka mwaka 2023, watu walivyopanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin kwa sarafu za thamani ya kama shilingi elfu saba. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Jicho la maskini lilikuwa na bei, ila yeye mwenyewe hakuijua. Ikiwa huna cha thamani, kwa nini wakupangia foleni?

Na kama wadhani wezi wa mitandaoni hukaa wakamchagua tajiri, soma habari za WannaCry. Mei 2017 programu ile ilisambaa yenyewe, ikaingia kompyuta za nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili ya watu na kuwadai dola 300 za bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Haikuuliza jina wala kazi ya mtu. Ilitafuta tundu tu. Na tundu lile kiraka chake kilikuwa kimeshatoka Machi, miezi miwili kabla. Waliolizwa wengi ni wale waliosema "nitafanya kesho".

Mtaniambia tuna sheria. Kweli. Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda faragha yako, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Nazipenda zote mbili. Lakini sheria hukujia baada ya picha kutoka. Haizibi tundu.

Basi tufanye nini? Nawapa nilichofanya mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na sina cheti cha kutundika ukutani.

Kwanza niliitoa ile Windows ya kuvunja, nikaweka Linux Mint, ile nyepesi iitwayo Xfce. Ni ya bure kihalali, hakuna kraki. Yahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, na GB 4 ndio uzuri wake. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, si kwa rafiki yake fundi. Faili ni karibu GB 3, kwa hivyo subiri bando la usiku. Ukishaitia kwenye flashi waweza kuiwasha ukaijaribu bila kugusa kilichomo ndani. Ukipenda, hamisha kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ndio uiweke.

Pili, wakati wa kuiweka itakuuliza kama wataka kufunga diski kwa siri. Sema ndio. Maana yake ni kwamba hata mashine ikiibwa, ama ikilala dukani kwa fundi, asiye na paswadi ataona takataka tupu. Ila ukiisahau paswadi hiyo hata wewe umefungiwa nje, kwa hivyo iandike uiweke pahali.

Tatu, kila mtu wa nyumba ana akaunti yake. Mdogo wangu hawezi kuweka programu bila mimi. Alininunia siku tatu, sasa amezoea.

Nne, paswadi. Namba ya kitambulisho si paswadi. Jina la mtoto si paswadi. Na moja usiitumie kila mahali, manake mwizi akiipata pamoja ana funguo za nyumba nzima. Kama hutaki programu ya kuzihifadhi, ziandike kwenye daftari uliweke ndani ya kasha la mamako. Sicheki. Mwizi aliye ng'ambo hafiki kwenye kasha la mamako. Kisha washa ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwenye baruapepe, manake baruapepe ikichukuliwa, vyote vyachukuliwa.

Tano, sasisho likija, liweke siku hiyo hiyo. Linux nayo hupata matundu. Tofauti ni kwamba wazibaji wake bado wapo kazini.

Najua mnayoyaandika sai. "Linux ni ya mainjinia." Kwani Windows ulizaliwa waijua? Ubuntu, mfumo ambao Mint imejengwa juu yake, ulianzishwa 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Na mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Programu huria si kitu cha kigeni kwetu. Ni kitu tulichokianza tukakisahau.

"Photoshop haiingii." Kweli, haiingii, na mimi niliumia. Nimehamia Kdenlive kwa video na GIMP kwa picha, na wiki ya kwanza nilitukana kwa lugha tatu. Kama kazi yako hasa yakulazimu Windows 10, basi chukua ile nyongeza ya mwaka ukijua masharti yake, na anza leo kupanga utakakohamia. Ninachokataa ni kukaa tu kwenye mashine iliyoachwa, na benki yako na picha za mamako zimo humo.

Na ninyi mnaosema "mimi sina kompyuta, mambo yangu nafanyia saiba", ninyi ndio mwanitisha zaidi. KRA, HELB, eCitizen, zote zimefunguliwa na kijana wa saiba, paswadi ameiandika yeye, kopi ya kitambulisho chako iko kwenye desktopu yake mwaka wa tatu. Akihama mji utamtafuta wapi? Ile mashine kuukuu ambayo ami yako amewekea vyungu juu yake, ikisafishwa, ni salama kwako kuliko hiyo ya saiba inayong'ara.

Picha za kupamba sasa ziko kwenye diski ndogo, imefungwa kwa paswadi, ndani ya kasha, na ufunguo anao mamangu. Mimi mwenyewe sina ruhusa ya kuigusa, na ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo. Kompyuta bado ile ile ya 2014, bado yafunikwa leso, na bado yakata video.

Kwa hivyo kabla hujaniandikia tusi, inuka kwanza. Iwashe kompyuta ya kwenu. Kama imefunguka moja kwa moja bila kukuuliza u nani, basi usigombane na mimi. Hata mimi ningeingia.