Kukataa soda si kuringa, jamani!

Wiki hii nina neno na mabingwa wa kulazimisha watu kula kwenye shughuli.

Mnajijua. Mtu kaja harusini, pilau kala vijiko viwili vitatu, soda kaisukuma pembeni, kaomba maji. Basi, nongwa! Meza ya pili wanasema anaringa. Mashangazi wanaona kadharau mapishi yao. Na kama kapungua kidogo mwili, ndiyo kabisa, watu wanakonyezana: "Huyo kakanyaga miwaya!"

Kumbe mwenzenu ana kisukari, ila anaogopa kusema. Akisema ataulizwa, "Kijana kama wewe? Si ugonjwa wa wazee wenye vitambi huo?" Wapi! Kuna kisukari kinachomwanza hata mtoto wa shule. Mwili unaacha kutengeneza insulini, wala si kwa sababu alilamba sana sukari. Huyo anajichoma sindano kila siku ili aishi.

Dada mwingine anamficha hata mama mkwe mtarajiwa. Akienda ukweni anakunywa soda mbili za heshima, wakati chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai 8. Heshima gani hiyo ya kumlaza mtu wodini?

Sasa kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. Mtu wa sindano akichelewa kula, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Na harusi zetu si mnazijua? MC anapiga porojo mpaka saa 5 usiku, chakula bado. Mara jamaa anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea visivyoeleweka. Watu wanacheka, "Kalewa huyo!"

Hajalewa. Hapo ndipo anapoihitaji soda, tena ile yenye sukari, upesi! Msianze, "Si ulisema hunywi?" Mpeni kwanza, maneno baadaye. Akiwa kazimia, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mnaona? Anayejisikia huru kusema ana kisukari, watu wataelewa siku akizidiwa. Aliyefungwa mdomo na vijembe vyenu ataanguka katikati ya watu 300, asijue hata mmoja la kufanya.

Kwa hiyo mgeni akisema, "Asante, nimetosheka," mwambie karibu tena, halafu mpelekee maji yake. Sahani yake haikuhusu.

Tukijaliwa, wiki ijayo!