MAONI YETU: Fundi alipwe kwa kukagua, si kwa kufomati

Peleka diski ya nje iliyogoma kufunguka kwa fundi wa kompyuta hapa Katoro, na mara nyingi utajibiwa kabla hujamaliza kueleza: "Hii ya kufomati tu." Humo mna hesabu za kikundi cha wachimbaji wadogo, mitihani ya shule, picha za harusi. Mteja anakubali kwa kuwa hajui aulize nini. Mchimbaji wa Geita hapeleki mawe karashani kabla ya kutwanga kidogo na kuyapima kwenye karai. Kwa nini diski ihukumiwe bila kupimwa?

Wanaotumia Linux ndio wanaoumia zaidi. Diski yao ikiwa na mpangilio wa ext4, fundi akaichomeka kwenye Windows, Windows haiusomi na mara nyingi papo hapo inaomba kuifomati. Hakuna kilichoharibika mpaka hapo. Kinachoharibu ni kidole kinachobonyeza "ndiyo".

Linux yenyewe husema kinachoisumbua. Chomeka diski, fungua terminali, andika sudo dmesg, usome mistari ya mwisho. Kama hakuna mstari mpya hata mmoja, shughulika kwanza na waya, tundu na umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutakiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski ya kuzunguka inaweza kudai zaidi inapoanza. Waya mchovu tu umeshazika diski nyingi zilizo hai.

Mistari ikitoka, lsblk itakuonyesha jina la diski na ukubwa wake. Ipo lakini haifunguki? Kama ni ya NTFS, mpangilio wa Windows, na ilichomolewa kwa pupa kwenye Windows, Linux inaweza kuikataa au kuiruhusu isomwe tu. Irudishe Windows, ikaguliwe kwa chkdsk, itolewe kwa utaratibu.

Ukiona I/O error zinajirudia hata baada ya kubadili waya na tundu, acha kila kitu. Diski huenda inakufa, na kila jaribio linaimaliza. Nakili kilichobaki kwenda diski nyingine kwa ddrescue, kisha fsck, ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, ifanye kazi kwenye nakala.

Wateja nao wasijitoe. Mstari wa kunakili ukifika mwisho, data nyingine bado inasubiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Anayenyofoa flashi hapo hapo anaikata data hiyo katikati.

Hata hivyo hatuwalaumu mafundi kwa ujinga. Wengi wanayajua haya. Tatizo ni kwamba kufomati kunalipwa, ilhali dakika 20 za kusoma dmesg mteja huziona za bure. Basi zibandikwe bei mbili ukutani, ya kukagua na ya kufomati, na ile ya kukagua ilipwe hata diski ikionekana imeshakufa.